Mguu Wangu Ulipotokea Jikoni kwa Mama Mkwe

Jamani, kuna mambo mtu unayaficha, unayaficha, mpaka siku unagundua kila mtu anayajua, na hapo unaona heri uyasimulie mwenyewe kabla hawajazidi kukuongezea chumvi. Hili langu limeshafika Tarime mjini, limefika Sirari kwa mdomo wa shemeji yangu Chacha (ambaye hajawahi kufunga huo mdomo tangu nimfahamu), na juzi nimeingia ofisi ya walimu hapa Morotonga nikakuta mtu amelitangulia, wenzangu wamekaa kimya kile kimya cha watu wanaobana kicheko. Basi nasema mwenyewe. Mimi, mwalimu wa fizikia, mtu ninayesimama mbele ya kidato cha nne kila mwaka nikachora mawimbi ya redio ubaoni kwa chaki za rangi mbili, niliwahi kutumbukiza mguu wangu wa kulia, mpaka kwenye paja, ndani ya jiko la mama mkwe wangu, kwa kupitia kwenye paa, mwenyewe akiwa ndani anapika, na yote hayo nilikuwa natafuta data.

Sasa kama hujawahi kuoa huku utasema ajali ni ajali, shida iko wapi. Shida ni kwamba kwa Wakurya mkwe na mama mkwe hawazoeani. Simpi mkono, sikai naye sebule moja, sili mbele yake, na nikisikia anakuja kwa njia hii mimi nashika ile. Siyo ugomvi, ni heshima, tena heshima kubwa, na mimi Mnyiramba niliyeletwa huku na barua ya ajira niliishika kuliko hata wenyeji, maana mgeni hasamehewi. Miaka minne ya ndoa nilikuwa namfahamu mama mkwe kwa kitenge chake tu, kinavyopotelea nyuma ya nyumba kila nikifika. Sauti yake nilikuwa nimeisikia mara chache, kwa mbali, akiita kuku.

Mke wangu anaitwa Ghati, ni muuguzi wa zahanati. Aliwahi kumpoteza mama mmoja mjamzito ndani ya gari la kuazima, njiani, kabla hawajafika Mugumu, na tangu siku ile alibadilika, akawa na neno moja tu, kwamba lazima akasome ukunga wa ngazi ya juu, ajue yale ambayo siku ile hakuyajua. Aliomba ufadhili wa masomo, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Mara ya tatu wakamwita kwenye usaili, na hiyo ilikuwa ya mwisho kabisa kwa sababu sharti lao lilikuwa mwombaji asivuke miaka thelathini na mitano, na yeye mwaka huo ndiyo alikuwa anaigonga. Usaili ulikuwa wa video, saa nne kamili asubuhi, na barua yao ilisema wazi kwamba atakayechelewa zaidi ya dakika kumi na tano nafasi yake anapewa anayefuata kwenye orodha. Niliisoma ile barua mara nyingi, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Ilikuwa mwezi wa sita, shule zimefungwa. Ghati alikuwa kwao Susuni, huko Tarime karibu na mpaka, tangu ajifungue, maana mama yangu mimi ni marehemu, na ile nyumba ya mwalimu pale Morotonga haina mtu wa kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Mtoto wetu Bhoke alikuwa na miezi miwili. Simu ya Ghati ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la kumwogeshea huyo Bhoke ikafa palepale, kwa hiyo tukakubaliana usaili utafanyikia kwenye simu yangu, mpya, haijamaliza hata miezi miwili (kamera tatu nyuma, nilikuwa naiweka mezani kifudifudi makusudi ili watu wazione). Nikapanda gari la kutoka Mugumu, tukapita Nyangoto, nikala vumbi la kutosha, jioni ya kuamkia siku ya usaili nikawa Susuni.

Ghati akaniambia, "Kesho asubuhi na mapema twende Tarime mjini, binamu yangu ana ofisi pale, mtandao wao hausumbui."

Na mimi, badala ya kusema sawa mke wangu, ambalo ni neno moja rahisi lisiloumiza mdomo, nikasema, "Tumpandishe mtoto pikipiki na baridi hii kwa ajili ya nini? Si meseji zako zilikuwa zinanifikia kila siku kutoka hapahapa? Mtandao upo. Niachie mimi."

"Una uhakika?"

"Ghati, mimi ndiye ninayefundisha hiki kitu."

Nikaangalia simu, vijiti vya mtandao vimejaa vyote, nikamwonyesha, nikaiweka mezani kifudifudi. Uamuzi mdogo tu, wa dakika mbili, na ndio ulionipandisha hadi kwenye lile paa.

Kulipokucha nikakuta kuna meseji imeingia alfajiri, inasema "Karibu Kenya", na maneno mengine ya viwango vya kupiga simu. Nikadhani ni matangazo ya utalii. Nikaifuta (naomba msiguse hapo, bado panauma).

Mji wa baba mkwe uko kwenye mteremko. Juu kabisa kuna jiwe kubwa, yale mawe ya Tarime ambayo ukiyaona unajiuliza nani aliyapanga, na chini yake, limeegemea jiwe lenyewe, ndipo lilipo jiko la nyasi la mama mkwe. Halafu nyumba kubwa ya bati, halafu uwanja, halafu zizi, halafu chini kabisa bondeni kuna migomba na kijito. Yashikeni hayo vizuri. Baba mkwe wangu, Mzee Mwita, alikuwa ametangaza kwa majirani wote kwamba binti yake ataongea na wakubwa ndani ya simu, kwa hiyo kufikia saa tatu na nusu uwanja ulikuwa umejaa, akina mama wa kanisani wamekaa kwenye mkeka, wazee wamepewa viti, na mimi katikati yao nimetandika kitambaa cha kudarizi juu ya meza, nimeegemeza simu kwenye chupa ya chai, nimevaa shati jeupe. Nilikuwa najisikia, nisiseme uongo.

Saa nne kasorobo nikafungua kiungo cha usaili. Kaduara kakaanza kuzunguka. Kakazunguka. Nikatabasamu kwa wazee. Kakaendelea kuzunguka.

"Imekubali, mkwe?" Mzee Mwita akauliza.

"Bado kidogo, baba. Inajiandaa."

Nikazima data nikawasha. Nikaweka ile alama ya ndege nikaitoa. Nikaizima simu yenyewe nikaiwasha, na zile simu za kisasa zinavyowaka taratibu, zinakuonyesha kwanza nembo, halafu maua, halafu salamu, mimi hapo jasho linatembea mgongoni. Vijiti vimejaa vyote, data haisogei hata tone. Nikatoa laini, nikaifuta kwenye shati, nikaipulizia pumzi, nikairudisha (hakuna sayansi yoyote kwenye kupulizia laini, najua, lakini kila mtu anapulizia). Juu ya kioo, pembeni ya vijiti, kulikuwa na kaherufi kadogo ka R. Nilikaona kabisa, nikajisemea labda ni mambo ya simu mpya.

Chacha alikuwa ameegemea pikipiki yake anatafuna muwa. Yeye anabeba abiria wa Sirari, simu yake ni kitochi, na Kiswahili chake kimeshavuka mpaka siku nyingi. "Shemeji," akasema, "si ulisema wewe ni mtu ya sayansi? Hiyo kitu mbona inakukataa mbele ya watu?"

Akina mama wa kanisani wakaangalia chini. Mimi nikafanya kile ambacho fundi yeyote aliyekasirika hufanya, nikaingia ndani kabisa kwenye mipangilio, kule ambako mtu hapaswi kwenda akiwa na haraka, nikabonyeza ile ya kufuta mipangilio yote ya mtandao irudi upya. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Ilikuwa inaniuliza swali lilelile aliloniuliza Ghati, na nikaijibu vilevile. Ikafuta kila kitu, hata ile APN ya kuingilia intaneti, na data ikabaki vilevile, imekufa.

Saa nne kamili. Ghati akatoka ndani amevaa gauni lake la bluu, nywele amesuka, karatasi zake mkononi. Akaniangalia usoni, akaelewa. Nilitamani anigombeze, kwa sababu angenigombeza ningepata la kujibu, lakini alivuta tu kiti akakaa mbele ya ile meza yenye kitambaa, mbele ya simu isiyoonyesha kitu, mgongo umenyooka, kama vile wale wakubwa walikuwa wanamwona. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuuma kweli.

Nikajaribu kuwapigia kwa namba iliyokuwa kwenye barua, niwaombe watusubiri. Dada wa kwenye simu akaniambia salio langu halitoshi. Nilikuwa nimeweka salio jana yake pale Tarime, sijalitumia, nikahisi nimeibiwa.

"Panda juu," mzee mmoja akasema. "Mtandao uko juu."

"Ee, apande," wengine wakaitikia, maana hilo ndilo jambo moja ambalo nchi nzima tunakubaliana, mtandao ukisumbua panda juu. Nikapanda kichuguu kilicho pembeni ya zizi, hakuna kitu. Nikapanda kwenye tela la ng'ombe, hakuna kitu. Basi nikalikimbilia lile jiwe kubwa, nikalikwea kwa mikono na magoti na shati langu jeupe, uwanja mzima unanifuata kwa macho, nikafika juu. Vijiti vikajaa mpaka nikafurahi, nikajua sasa hapa ndipo. Kiungo, kaduara, kuzunguka, basi.

"Saa nne na dakika tano," Ghati akasema kutoka chini, kwa sauti ya kawaida tu.

Nikainua simu juu ya kichwa. Nikaigeuza mashariki, nikaigeuza kaskazini. Nikasogea hatua moja nyuma, macho kwenye kioo. Nikasogea ya pili. Ile ya tatu jiwe lilikuwa limeisha.

Sikuanguka mbali, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Nilitua juu ya paa la nyasi, paa likanipokea sekunde moja kama godoro, halafu mguu wa kulia ukapita. Wa kushoto ukabaki nje, umekunjika. Nikawa nimekaa juu ya paa la jiko, simu bado iko juu mkononi (hiyo sikuiachia, mjue), na mguu mzima, kuanzia pajani kushuka, uko ndani unaning'inia kwenye joto. Nikasikia kiatu kinateleza kisiginoni. Nikakunja vidole kukizuia, hakikuzuilika. Chini yangu kitu kikasema chubwi.

Kisha nikasikia mwiko unawekwa pembeni, taratibu.

Nilijua ni nani. Uwanja mzima ulijua ni nani. Mzee Mwita alisimama kwenye kiti chake, akakaa, akasimama tena. Chacha aliacha kutafuna muwa, na mambo yakifika mahali Chacha anaacha kutafuna ujue yamefika. Nilitamani hilo paa liniache nipite lote nikazikwe humo humo, halafu nikakumbuka nikipita lote ndiyo nitamwona uso kwa uso, nikashikilia nyasi kwa nguvu zangu zote.

Halafu kutoka chini yangu, ndani ya jiko, ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, tulivu kabisa, na haikuwa inaongea na mimi.

"Bhoke, mjukuu wangu," sauti ikasema. "Uko macho? Mwambie baba yako atoe mguu polepole, asivunje fito."

Kumbe mtoto alikuwa naye humo, mgongoni. Mama mkwe hawezi kumsemesha mkwe wake hivihivi, lakini hakuna mila inayomkataza bibi kuongea na mjukuu wake.

"Bhoke, mwanangu," nikasema nikiwa juu ya paa, "mwambie bibi nimesikia, na mwambie nimekosa sana."

"Bhoke, mwambie hayo ya makosa ni ya baadaye. Mwambie hiyo simu yake iko Kenya."

Nikaishusha simu, nikaiangalia.

"Mwambie hapa juu mnara wa Kenya una nguvu kuliko wetu, na vile anapanda ndivyo anazidi kuingia huko. Hajaona kaherufi hapo juu, kale kanakosema simu iko nje ya nchi? Ashuke. Ashuke kule bondeni kwenye migomba, jiwe litamkinga na huo mnara. Hapo yetu inashika."

Jamani. Mimi nafundisha kwamba mawimbi yanasafiri yamenyooka, kwamba mlima unayazuia, kwamba ukipanda juu ndiyo unauona mnara vizuri, sema sikuwahi kujiuliza ni mnara wa nani. Nafundisha kwamba mawimbi hayajui mpaka wa nchi, na wanafunzi wanaandika kwenye madaftari. Na huyu mama anayeuza ndizi kwa wanunuzi wa upande wa pili, ambaye vifurushi vyake vimepotelea Kenya miaka na miaka kabla hajaujua huo mchezo, ndiye huwa anawatengenezea simu akina mama wote wa kikundi chao cha ndizi, na ile ya Ghati, kabla haijafa, ndiye aliyeichagulia mtandao wetu, ndiyo maana meseji zilikuwa zinanifikia. Ana simu ya kupangusa, kioo kimepasuka hadi kwenye kamera, mimi nilikuwa naamini ana kitochi. Sikuwahi kuuliza. Na hili nililijua baadaye, likaniumiza kuliko mikwaruzo ya paja: asubuhi ile alimwuliza Ghati, "Mume wako ameangalia simu imeshika wapi?" na Ghati wa watu akamjibu, "Mama, yeye ndiye anayefundisha hiki kitu."

Nikauvuta mguu, ukatoka na masizi na soksi peke yake. Nikateremka kwenye lile jiwe kwa makalio mbele ya akina mama wa kanisani, nikakimbia na kiatu kimoja kupita uwanjani, kupita zizi, kushuka bondeni, na nyuma yangu Ghati kanyanyua gauni anakimbia na karatasi, na nyuma yake Chacha kabeba kiti, na nyuma yao watu wote, maana nani angebaki. Mama mkwe akashuka na njia yake ya pembeni, akasimama nyuma ya kichaka cha migomba, mimi upande huu yeye upande ule, majani katikati. Heshima ilikuwa imetunzwa, kilichobaki cha heshima.

"Saa nne na dakika tisa," akasema Ghati, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka.

"Bhoke," migomba ikasema, "mwambie baba yako aingie kwenye mipangilio, mahali pa mitandao ya simu. Pale pa kuchagua mtandao imejiwekea kujichagulia yenyewe. Aizime hiyo."

"Bhoke, mwambie bibi nimezima."

"Sasa itatafuta. Asiiguse. Mwambie asiiguse."

(Nilikuwa nimeshanyoosha kidole kuigusa.)

Ikatafuta. Watu wote wakaisubiri, hata Mzee Mwita alikuwa ameinama juu ya bega langu anasoma, ingawa hana miwani. Ikaleta orodha, mitandao ya Kenya juu, yetu chini.

"Achague yetu."

Nikachagua. Kale ka R kakapotea. Vijiti vikashuka vikabaki viwili tu, vidogo, vya kwetu. Nikafungua kiungo. Kaduara. Nikahisi machozi yananijia, mwanaume mzima, mbele ya wakwe.

"Bhoke," nikasema, "mwambie bibi bado haifunguki."

"Alifuta mipangilio?"

Chacha akajibu badala yangu, "Alifuta, mama. Alifuta kila kitu."

Nyuma ya majani nikasikia mtu anavuta pumzi ndefu. "Bhoke, mwambie arudi hapohapo kwenye mitandao ya simu, atafute APN, atengeneze mpya. Jina aweke lolote. Chini yake aandike internet, herufi ndogo zote, asiache nafasi. Ahifadhi, halafu aichague, maana wengi wanahifadhi wanasahau kuichagua."

Vidole vyangu vilikuwa na masizi na vinateleza kwenye kioo. Nikaandika. Nikahifadhi. Nikasahau kuichagua. Nikakumbuka, nikaichagua. Saa nne na dakika kumi na tatu nikabonyeza kile kiungo kwa mara ambayo sijui ni ya ngapi, kaduara kakazunguka nusu, kakakata, na uso wa mwanamke mwenye miwani ukajaa kwenye kioo akasema, "Habari za asubuhi. Tunaongea na Ghati?"

Hakuna aliyeshangilia, watu wa huku wana akili zao. Mzee Mwita aliinua mkono mmoja tu juu, wote wakakaa chini kwenye majani makavu kama wako kanisani. Ghati akakaa kwenye kiti, akajipangusa jasho kwa kiganja, akasema, "Ndiyo, ni mimi. Samahani kwa kuwaweka."

Sasa meza ilikuwa imebaki uwanjani, chupa ya chai imebaki uwanjani, na ile simu ikisogezwa hatua mbili tu mtandao unakata. Basi nikapiga magoti kwenye tope la kijito, nikaishika kwa mikono miwili usawa wa uso wake, na nikakaa hivyo dakika thelathini na tano. Mikono iliwaka moto, mbu wa mgombani wakanila nilipo, sikutikisika. Mwalimu wa fizikia, shahada na vyeti, nikawa mguu wa meza.

Wakamwuliza mambo mengi, naye akajibu. Halafu yule wa miwani akamwuliza kwa nini anaitaka hii nafasi kiasi cha kuomba mara tatu. Ghati akawasimulia habari ya yule mama wa kwenye gari, jina lake, nguo aliyovaa, swali alilomwuliza dakika za mwisho ambalo yeye hakuwa na jibu lake. Hakulia. Alisema, "Nataka siku nyingine nikiulizwa lile swali niwe na jibu." Nilikuwa nimeishika simu, simwoni yeye ndani yake, namwona yeye mwenyewe, na nikajua hakuna mtu kwenye orodha yao anayeweza kuchukua hii nafasi mbele yake. Nilijivuna kama vile nimemzaa.

Walipomaliza, yule wa miwani akasema, "Asante Ghati. Na mwambie aliyeshika simu sasa apumzike, tumeona picha inatetemeka."

Picha ilipokatika akina mama wakapiga vigelegele ambavyo nadhani hata ule mnara wa Kenya ulivisikia. Chacha akanibeba mgongoni, mimi na tope langu, akanizungusha migombani akisema, "Mura, kijana wetu, leo umekuwa mwanaume, ijapokuwa ni kwa kupitia kwenye nyasi." Nikacheka mpaka nikakohoa. Mzee Mwita akasubiri kicheko kiishe, akanyoosha fimbo, akaniambia kwa upole kwamba mkwe aliyepita juu ya kichwa cha mama mkwe wake ana mbuzi wa kuleta, tena beberu mzima, siyo mtoto, na paa atalitengeneza mwenyewe kwa mkono wake. Nikasema nimekubali. Kwa furaha niliyokuwa nayo hata angesema ng'ombe ningeitikia.

Wiki tatu baadaye jibu likaja. Amepata. Anaanza masomo Septemba, ada yote, na Bhoke anakwenda naye. Jumamosi ya wiki hiyohiyo nikapanda gari la Tarime na beberu wangu (safari na beberu ndani ya gari kupitia Nyangoto ni mkasa mwingine wa aibu ambao nausitiri), nikafika Susuni, nikakabidhi, nikakata nyasi, nikaliziba tundu lote la paa nikipanda kwa ngazi, si kwa kupitia jiweni. Nilipomaliza nikakuta kiatu changu kimeanikwa kwenye uzio, kimeoshwa, kimepakwa rangi, kinang'aa kuliko mwenzake. Nikakaa chini kukivaa. Na kutoka upande wa pili wa ukuta wa jiko ikaja ile sauti.

"Bhoke, mjukuu wangu, mwambie baba yako paa limekaa vizuri. Mwambie amekuwa mtu wa kukubali kuambiwa, na wanaume wa hivyo ni wachache. Huo mguu wake niliouona juu ya sufuria yangu nimeshausahau kabisa."

Nikasema, "Bhoke, mwambie bibi asante sana."

"Ila mwambie," ikaendelea, "soksi ina tundu kwenye kidole gumba. Anunue nyingine."

Ndiyo hivyo jamani. Nimeapa sipandi tena kitu chochote kilicho juu kuliko kiti kwa ajili ya mtandao, na kabla sijaanza kujigamba mbele ya watu nauliza kwanza nani hapa anajua, hata kama nitauliza kupitia kwa mtoto mchanga. Na ninyi mkienda kule mpakani mkaona vijiti vimejaa, msifurahi upesi, ulizeni kwanza ni vya nchi gani. Soksi nimenunua, pea sita, nyeusi, na kila nikienda Susuni navaa mpya.